"Nenda Panzi" Si Rufaa



Katika mji wetu wa Bukavu kuna sentensi moja ambayo kila mtu mzima anaijua, na huitamka kwa haraka, kama mtu anayeepua chungu cha moto asije akaungua: "Nenda Panzi." Mwanamke akimwambia muuza dawa kwamba amebakwa, ataambiwa nenda Panzi. Akimwambia mchungaji, nenda Panzi. Akimwambia karani, fundi cherehani, msusi, mwalimu wa mtoto wake, jibu ni lile lile. Sentensi yenyewe haina uongo. Hospitali ya Panzi ipo, imekuwapo tangu mwaka 1999, na ujuzi uliomo ndani yake dunia nzima imeutambua. Lakini nadai, na nitasema bila kuumauma maneno, kwamba vinywani mwa wengi wetu sentensi hiyo imegeuka kuwa njia ya adabu ya kumtoa mtu nje.

Nianze na kisa, kwa idhini ya mwenyewe. Ameniruhusu kukisimulia kwa sharti kwamba nisitaje mtaa wake wala kazi yake, na kwamba popote pawezapo kumtambulisha nibadilishe. Nimebadilisha. Siku na saa sikuzigusa, kwa kuwa hoja yote imo humo.

Alibakwa Jumapili jioni akirudi nyumbani. Jumatatu asubuhi alikwenda kwenye duka la dawa ambalo amekuwa mteja wake kwa miaka mingi. Akasubiri wengine wahudumiwe waondoke, kisha akasema. Muuza dawa akanyamaza, akampa vidonge vya maumivu na antibiotiki, akapokea faranga zake, akamwambia, "Mama, nenda Panzi." Duka lile na hospitali ile ziko pande mbili za mji, na nauli ya pikipiki kwenda na kurudi ilikuwa chakula cha watoto wake cha siku mbili. Hakwenda. Jumanne alimwambia mke wa mchungaji. Akaombewa kwa machozi ya kweli, akaambiwa aende Panzi, au, kama moyo wake unaona vizito, amwachie Mungu. Jumatano hakuinuka kitandani. Alhamisi mchana alikuja shuleni kwa habari ya karo ya mwanawe, akanikuta mimi. Tukamaliza habari ya karo, naye hakuondoka.

Ningependa kuandika kwamba hapo ndipo alipopata mtu wa maana. Sivyo. Nilimuuliza: Ni nani? Unamfahamu? Ilikuwa wapi? Kwa nini ulipita njia ile saa ile? Ulipiga kelele? Nilidhani ninaonyesha kujali. Yeye alijibu yote, kwa sauti ya mtoto anayesomeshwa maneno asiyoyaelewa, na alikuwa akiyasema kwa mara ya tatu ndani ya siku nne kwa mtu asiye na dawa, asiye na kitanda, asiye na mamlaka yoyote ya kumfanyia lolote. Baada ya maswali hayo ndipo nilipotafuta pikipiki. Siku nyingi baadaye aliniambia kwamba kule ndani swali la kwanza aliloulizwa halikuwa "nani?" bali "lini?"

Majibu ya vipimo vyake si mali yangu. Siyaandiki.

Kwa nini "lini"? Kwa sababu mwili una saa yake, na saa hiyo haingoji baraza la familia. Dawa za kumkinga mtu na virusi vya UKIMWI baada ya kubakwa zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita ndani ya hizo 72 inapunguza nguvu yake. Humezwa kwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vina nafasi ya saa 120, yaani siku tano, navyo vivyo hivyo hufaa zaidi vikimezwa mapema. Kuna chanjo ya homa ya ini aina ya B, kuna kinga ya pepopunda kwa mwenye majeraha, kuna matibabu ya maambukizo ya zinaa. Hesabu basi: Jumapili jioni mpaka Alhamisi mchana. Mlango wa kwanza ulikuwa umefungwa tangu Jumatano usiku, alipokuwa amelala amegeukia ukuta, na watu wazima wawili tayari walikuwa wamemwambia jambo sahihi.

Jambo sahihi! Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyemshauri vibaya. Muuza dawa alitaja hospitali ifaayo. Mke wa mchungaji alitaja hospitali ifaayo. Ukituuliza mmoja mmoja, kila mmoja ametimiza wajibu, na mwanamke amepoteza saa tisini.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na msomaji ataniwia radhi nikirejea kazini kwangu kwa aya moja. Neno tunalolitumia kwa kumpeleka mgonjwa kwa mwenye ujuzi zaidi ni rufaa. Mahakamani, rufaa ni kulichukua shauri na kulifikisha mbele ya korti ya juu. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuinua. Mtu hakati rufaa kwa kumwambia mwenzake kwamba korti ya juu iko mtaa wa pili. Kuna majalada yanayohama, kuna karani anayepokea, kuna tarehe, kuna mtu anayejibu ikiwa jalada halikufika. Aliyepewa rufaa ni mtu aliyeinuliwa kutoka mkono mmoja na kuwekwa katika mkono mwingine. Kati ya mikono hiyo miwili pasiwe na nafasi ya mtu kuanguka. Yule mama alianguka katika nafasi hiyo mara mbili, na sisi tukaiita rufaa.

Na kwa kuwa nimo katika maneno, niseme na hili. Tuna kitenzi kunajisi, ambacho wengi wetu tunakiona cha heshima kuliko kubaka, hasa mbele ya watoto na kanisani. Kipimeni. Aliyenajisiwa ni aliyetiwa najisi, na najisi haikai kwa mtenda, inakaa kwa mtendwa. Huku kwetu tunasema pia "wamemharibu", kama vile mtu ni chombo. Mama anayekuja kwako Jumatatu asubuhi ameyasikia maneno haya tangu utotoni, ameshajihukumu kwayo kabla hujafungua mdomo. Sema kubaka. Ni neno kali, nalo linampiga mwenye kosa.

Sasa nizikabili hoja za wanaonipinga, maana wapo, na baadhi yao ni watu ninaowaheshimu.

Wa kwanza husema: mambo haya yamalizwe nyumbani. Mzee wa mtaa ataketi, familia mbili zitaketi, mbuzi watatajwa, au kama aliyebakwa ni msichana, atatajwa mume, naye mume huyo ndiye yule yule aliyembaka. Sina subira na hoja hii. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya ukatili wa kingono inatoa kifungo cha miaka 5 hadi 20 kwa mbakaji, na inasema wazi kwamba faini ya mapatano, ile inayoweza kulizima shauri kabla ya korti, haitumiki katika makosa haya. Katiba ya mwaka huo huo, katika kifungu cha 15, inawabebesha viongozi wa umma jukumu la kuuondoa ukatili wa kingono. Anayeketi kupokea mbuzi hafanyi upatanishi. Anauza kitu kisicho chake, na mwenye kitu yuko jikoni anasikiliza bei.

Wa pili husema: polisi kwanza, bila karatasi ya polisi hakuna linaloweza kufanyika. Hawa wana nia njema, wanataka mkosaji akamatwe. Lakini wamepindua mpangilio. Matibabu hayangoji mashtaka. Mwanamke ana haki ya kutibiwa hata kama hatashtaki leo, hata kama hatashtaki kamwe. Na akiamua kushtaki, sheria ile ile ya 2006 inamtaka mwendesha mashtaka au hakimu amwite daktari na mwanasaikolojia ili kupima hali ya aliyetendewa na kiasi cha madhara. Daktari huyo ataona nini ikiwa wiki imepita? Anayepeleka hospitali kwanza amelisaidia shauri kuliko anayepeleka kituoni kwanza, kwa kuwa mwili nao ni ushahidi, nao unapona au unaoza kwa kalenda yake wenyewe. Nasema haya nikijua kwamba kuna vituo vya polisi ambako mwanamke husimuliwa upya kisa chake na mtu aliyeketi nje kabla hajafika kwenye lango la kutokea.

Wa tatu ni wale wa kejeli. Husema: siku hizi kila mtu amebakwa, kwa sababu mashirika yana fedha. Nitakubali nusu ya hoja hii, kwa kuwa ni haki kukubali kilicho kweli. Fedha za wageni ziliingia Kivu kwa wingi kwa ajili ya jambo hili, zikajenga ofisi, zikanunua magari, na huenda njaa imewafundisha baadhi ya watu ni hadithi ipi inayofungua mlango. Nchi iliyowaacha raia wake bila hospitali za bure isishangae wakitafuta mlango wowote ulio wazi. Lakini hayo yanamhusu vipi muuza dawa aliyesimama mbele ya mteja wake wa miaka mingi? Kazi ya kupima ukweli ni ya hakimu. Dawa ya kinga haihitaji hukumu. Ukimpeleka aliyedanganya, hospitali imepoteza vidonge. Ukimzuia aliyesema kweli, hesabu yake unaijua.

Wa nne ndio wanaonisumbua usiku, kwa sababu hoja yao ni ya wanawake wenyewe. Husema: ukionekana unaingia huko, mji wote umejua. Mume atajua, shemeji atajua, mwenye nyumba atajua. Siwezi kuifuta hofu hii kwa kalamu. Najua ndoa zilizokufa kwa uvumi wa lango. Naweza kusema tu kwamba Panzi ni hospitali kuu ya eneo lake, na kila siku wanaingia humo wenye mimba, wenye malaria, wenye kuvunjika miguu na wenye kwenda kutazama wagonjwa. Aliyeko barabarani haoni ila mgongo wa mtu. Uvumi hauanzi langoni. Huanza kwetu: kwa muuza dawa anayemsimulia mkewe, kwa mwombezi anayeomba kwa kutaja jina, kwa mwalimu anayesema katika chumba cha walimu, "Yule mama wa darasa la tano, mnajua lililompata?" Siri imevuja katika vikao vyetu, kisha tunalisingizia lango.

Kuna na hoja ya tano, isiyosemwa kwa sauti, nayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote: mimi si mtaalamu, nikigusa nitaharibu. Hii inavaa nguo za unyenyekevu. Na ni kweli, wewe si mtaalamu, wala mimi si mtaalamu. Nilipojaribu kuwa mtaalamu niliuliza maswali yale niliyoyaandika hapo juu. Lakini kati ya kumtibu mtu na kumsukuma mtu nje kuna kazi nzima iliyosahaulika, nayo haihitaji shahada yoyote.

Kabla ya kuitaja kazi hiyo, tutazame Kavumu, kwa sababu kuna wanaodhani rufaa ni huruma tu. Kavumu iko kaskazini ya Bukavu, ndipo ulipo uwanja wetu wa ndege. Tangu mwaka 2013 hadi 2016 wasichana wadogo, baadhi yao hawajafikia umri wa kwenda shule, waliibwa usiku kutoka vitandani mwao, wakabakwa, wakatupwa. Ni makumi ya watoto. Kwa muda mrefu mamlaka ziliyatazama mashauri hayo kama vipande: mtoto wa huyu, mtoto wa yule, kila jalada peke yake. Lakini watoto walikuwa wakifikishwa Panzi, mmoja baada ya mwingine. Madaktari wale wale waliona majeraha yale yale. Walichoandika kilipowekwa pamoja, vipande vilikuwa kitu kimoja chenye sura. Mwezi wa Desemba 2017 mahakama ya kijeshi ya Kivu ya Kusini, ikiketi Kavumu kwenyewe, iliwatia hatiani wanaume 11, akiwamo mbunge wa jimbo, kwa uhalifu dhidi ya binadamu, na ikawahukumu kifungo cha maisha. Watoto hawakusimamishwa mbele ya washtakiwa. Maelezo yao yalirekodiwa mapema kwa video na watu waliojua namna ya kuzungumza na mtoto.

Fikiri sasa kama kila mzazi wa Kavumu angepewa vidonge vya maumivu na kuambiwa amwachie Mungu. Kila mtoto angebaki kisa cha nyumbani kwao, na mbunge angebaki na kiti chake.

Tunajivunia tuzo ya Nobeli ya Amani aliyopewa Daktari Denis Mukwege mwaka 2018, pamoja na Nadia Murad. Tunaitaja kana kwamba tulipewa sisi. Lakini hospitali hata iwe na madaktari bora duniani haina mikono ya kufika dukani kwako Jumatatu asubuhi. Kwa mtu huyo, mlango wa kwanza wa hospitali ni wewe. Yeye hakuchagua kumwambia mtaalamu. Alichagua kumwambia mtu anayemfahamu, na uchaguzi huo ulimgharimu pengine usiku kucha.

Kazi yenyewe basi ni hii, nami nimeipata kwa kuwauliza wauguzi na washauri wanaoifanya, baada ya aibu ya Alhamisi ile. Jambo la kwanza ni mahali: ondoa watu, funga nusu mlango, keti. Sema maneno machache, na yawe haya au ndugu zake: "Nakuamini. Si kosa lako. Uko nami sasa." Usiulize kisa. Uliza mambo mawili tu, lini, na kama ana maumivu au damu inayomhitaji daktari sasa hivi. Kisha mweleze, kwa lugha yake, kwamba kuna dawa za kuzuia UKIMWI na mimba zenye saa zake, kwamba hospitali haitamlazimisha kushtaki, na kwamba huko wapo wa kumtibu, wa kumsikiliza, wa kumshauri juu ya sheria, na wa kumsaidia kusimama tena kimaisha, yote chini ya paa moja. Baada ya hapo uliza: "Unataka niwapigie?" Akikataa, amekataa. Mwili ni wake, na mwanamke aliyetoka kunyang'anywa hiari hatibiwi kwa kunyang'anywa hiari mara ya pili. Mpe namba, mwambie mlango uko wazi mpaka lini, umwache aende akijua anaweza kurudi. Kwa mtoto mambo ni tofauti, hapo mtu mzima hana ruhusa ya kusubiri. Lakini mtoto naye huelezwa kinachofanyika.

Akikubali, piga simu yeye akiwa hapo anasikia. Useme unamleta mtu, bila jina lake na bila kisa chake, kisa atakisema mwenyewe mara moja kwa anayestahili kukisikia. Uliza apokelewe na nani, lango gani. Kama hajanawa wala kubadili nguo, mwambie ni afadhali asubiri. Kama amekwisha nawa, usimlaumu, aende vivyo hivyo. Nguo ziwekwe katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, maana plastiki hufukiza na kuharibu. Mtafutie nauli, na mtu wa kwenda naye, ikiwa anamtaka. Kesho yake uliza swali moja, "Ulifika?", na usiulize la pili.

Hakuna humo jambo lisilowezekana kwa msusi. Na niongeze, kwa kuwa aibu yao ni kubwa zaidi na sisi hatuna hata neno la kuwapokelea, kwamba wanaume na wavulana nao hubakwa, hasa katika vita na katika vizuizi, na saa 72 zao hazina tofauti na za mtu mwingine yeyote.

Lakini nisiwe mtu wa kuwatwika raia kila mzigo. Nimeona katika ofisi kadhaa za mji huu karatasi zilizobandikwa zikieleza njia ya rufaa, zenye mishale na visanduku, zote kwa Kifaransa. Mama aliyenijia hasomi Kifaransa. Muuza dawa anakisoma kwa shida. Mke wa mchungaji hakipendi. Karatasi hiyo imeandikwa kwa ajili ya nani, kama si kwa mkaguzi anayekuja mara moja kwa mwaka kuhakikisha kwamba imebandikwa? Iandikwe kwa Kiswahili, na kwa Mashi, na kwa lugha ya mahali popote ilipo. Iwe na namba ya simu ya mtu anayepokea, si ya mezani palipo wazi mpaka saa tisa. Wauza dawa, ambao serikali hujua kuwatafuta wakati wa kodi, watafutwe siku moja kwa ajili ya mafunzo ya jambo hili. Na vituo vidogo vya afya vya mitaani viwe na dawa za kinga muda wote, ili mwanamke wa upande wa pili wa mji, au wa kisiwani Idjwi ambako mtumbwi hausafiri apendapo mtu, aanze dozi yake ya kwanza karibu na nyumbani na rufaa ifuate baadaye.

Kuhusu nauli, sihitaji serikali. Vikundi vyetu vya akiba na mikopo, ambavyo kina mama wa mji huu huviendesha kwa uaminifu kuliko benki, vina mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Nimependekeza katika kikundi cha jirani, na narudia hapa: itengwe fungu la nauli ya hospitali inayotolewa bila maelezo. Mweka hazina asiulize, asiandike sababu. Watu wawili watatu wataitumia vibaya. Tuhesabu hasara hiyo kama tunavyohesabu sukari iliyomwagika sokoni.

Walimu wenzangu nao wasinitazame kama msaliti nikilitaja letu. Sheria ya 2006 inaongeza maradufu adhabu ya chini ikiwa mbakaji ni mwalimu wa aliyebakwa. Watunga sheria hawakuliweka hilo kwa bahati mbaya. Msichana aliyeumizwa na mmoja wetu atamwambia nani, ikiwa njia ya rufaa ya shule inaanzia ofisini mwa rafiki yake mkosaji? Kila shule iwe na mtu wa pili, mwanamke, asiye chini ya mkuu wa shule, mwenye namba ile na ruhusa ya kuitumia bila kuomba ruhusa.

Wiki mbili baada ya Alhamisi ile nilikwenda dukani kwa yule muuza dawa. Nilikwenda na hasira, nikiwa nimeitayarisha hotuba kama hii. Alinisikiliza huku akipanga maboksi. Nilipomaliza alisema, "Mwalimu, nilipomwona anatoka nilijua hatakwenda. Nilijua kwa jinsi alivyohesabu chenji." Kisha akaniuliza kama ninayo namba ya kupiga. Nilikuwa nayo. Akaiandika kwa kalamu nene juu ya ubao wa ndani wa kaunta, upande ambao wateja hawauoni, na chini yake akaandika 72.